Uso Kwenye Gazeti la Kufungia Vitumbua

Newala hatukuwa watu wa kusoma magazeti. Ya Dar es Salaam yalifika na basi, machache, yakaenda kwa mkuu wa shule, kwa daktari, na kwa mzee mmoja wa sokoni aliyesoma kwa sauti kila kitu mpaka matangazo ya minada. Yakitufikia sisi wengine yalikuwa yameshakuwa ya juzi, na hakuna aliyeona ajabu. Habari ilikuwa habari siku uliyoipata. Lakini magazeti ya mataifa, hayo tulikuwa nayo ya kumwaga. Yalikuja kwa marobota, yamefungwa kwa mikanda ya plastiki, hayajawahi kufunguliwa na mtu, yakauzwa kwa kilo kwa wauza maandazi, wauza karanga na wenye mabucha. Sijui yalitokaje huko yalikochapwa. Nimewahi kuuliza, nikaambiwa yanatoka bandarini, jibu ambalo ni sawa na kusema mvua inatoka juu.

Mama yangu anauza vitumbua karibu na stendi tangu sijaanza shule, na mataifa anayajua kwa namna karatasi zao zinavyokunywa mafuta. Gazeti la maandishi ya maduaraduara lilikuwa zuri, lilikunywa mafuta na halikuacha wino. La maandishi ya vijumba, yale ya mistari iliyopandana, lilikuwa laini mno; kitumbua kikiwa cha moto linatoboka. La herufi kama zetu lakini zenye vidoti juu lilikuwa gumu, akalisifu sana, akasema wenye nchi hiyo lazima ni watu wa kazi. Kuhusu siasa za nchi hizo hakuwa na neno.

Alikuwa na masharti mawili. Gazeti lenye maandishi ya Kiarabu halifungii chakula, kwa sababu huwezi kujua jina la Mungu limekaa mstari gani. Shehe wa msikiti wetu alimwonyesha ukurasa mmoja akamwambia, "Mama, hili ni tangazo la magari." Mama akajibu kwamba hata muuza magari huanza na bismillahi, akauweka pembeni. Sharti la pili lilikuwa lake peke yake, sijaliona kwa muuza vitumbua mwingine yeyote: uso wa mtu haufungii chakula. Utamwekeaje mtu mafuta ya moto usoni, naye hajakukosea? Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alikaa kwenye kigoda, akalowesha kidole gumba, akapasua kila karatasi vipande vinne, na vipande vyenye nyuso akavitupia kwenye boksi la sabuni. Mawaziri, wachezaji mpira, maharusi, marehemu wa watu, wote mle ndani. Tulimtania kwamba anafuga Wazungu. Alisema afadhali hao, hawali.

Kaka yangu, mkubwa wangu wa pekee, alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kuchimba mawe ya thamani. Walikwenda wengi wakati ule. Aliacha mke, ambaye kwangu ni wifi, na mtoto wa kike aliyekuwa hajaota meno. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila alipofika mahali penye mtandao. Simu ya mwisho aliuliza kama salfa, ile dawa ya mikorosho, imefika. Nikamwambia imefika. Akasema vizuri, na mtandao ukakata. Baadaye kule kukaharibika, vijiji vikachomwa, watu wakakimbia huku na huku. Wenzake wawili walirudi. Mmoja alisema walipotezana njiani. Mwingine alikuwa akituona anabadili njia.

Miaka sita ikapita. Mtoto akaanza darasa la kwanza.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha sekondari huku Lisekese, Masasi, nimepanga chumba na sebule. Nitasema lililo kweli: sikulia. Mwanzoni nilidhani nasubiri uhakika, halafu nikazoea. Moyo ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na ukishazoea kuutembelea hivyohivyo unafika unakokwenda. Nilifundisha, nikapika, nikalala, nikaamka. Watu wakiniuliza habari za kaka nilijibu "bado," kama mtu aliyeulizwa kama maji ya bomba yametoka.

Kwetu mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada ni mjomba. Mwanzoni mwa msimu wa korosho mjomba akaita kikao. Alisema kwa upole kwamba shehe ameshaulizwa, na muda uliopita unatosha. Tumsalie sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, tumsomee hitma, mke wake akae eda, na akimaliza awe huru. Kila aliyekuwa pale alijua kwa nini jambo lile linasemwa mwaka ule. Kulikuwa na mtu, mfanyabiashara wa mitumba kutoka Songea, aliyefiwa na mke, mtu mzima asiye na makelele. Alikuwa amepeleka wazee kwa mjomba kwa adabu zote, kuuliza tu kama yule dada bado ana mume au hana. Akijibiwa ana, atanyamaza. Akijibiwa hana, atasubiri eda iishe. Ila msimu ukimalizika alikuwa anafunga biashara na kurudi kwao, na alitaka kujua kama ana sababu ya kurudi tena Newala.

Wifi aliinamisha kichwa. Miaka sita amekaa kwa mama, amelima, ameokota korosho, amebeba maji, na katika muda wote huo sikumsikia akilalamika. Mjomba alipomgeukia alisema, "Mtakavyoona nyie, mjomba." Sauti ile niliijua. Alikuwa anataka. Nami nilimtakia, kwa kadiri nilivyoweza kutaka kitu siku zile. Hitma ikapangwa Ijumaa ya tatu kutoka siku ile.

Siku tisa kabla ya Ijumaa hiyo mama aliona uso.

Alinipigia mwenyewe, jambo asilolizoea, maana simu huibofya kama inayoweza kumng'ata. "Mwanangu, kaka yako yuko kwenye gazeti. Mzima. Njoo." Nikamwambia nakuja Jumamosi. Hata hilo nalikumbuka, kwamba sikuuliza gazeti gani.

Nilimkuta amevaa kanga za sikukuu. Ukurasa ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, na kabla ya kunionyesha alinawa mikono. Ulikuwa robo ya karatasi, gazeti la vijumba, na picha yenyewe haikuzidi kiberiti. Watu watano wamesimama mstari mmoja, wana kofia ngumu za kazi. Wa pili kutoka kushoto ameinamisha kichwa upande na bega moja limeshuka, namna alivyokuwa anasimama kaka akingoja kuitwa kula. Nilimtazama. Alikuwa yeye. Nikatazama tena, hakuwa yeye.

"Kanenepa," mama akasema.

Nikauliza kipande cha juu kiko wapi, kile chenye jina la gazeti, angalau tujue ni nchi gani. Mama akanitazama kana kwamba nimepungukiwa. Kipande cha juu hakikuwa na uso. Kilifungia vitumbua vitatu asubuhi ileile kikaondoka na abiria wa Tandahimba.

Na hapo tulikosea wote, mimi mwenye digrii nikiwa wa kwanza. Mjomba alikuja, shehe alikuja, majirani walipanga foleni kama watu wa kuangalia mtoto mchanga. Wakauliza ni nchi gani, ni kazi gani, amevukaje bahari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza gazeti lile ni la lini. Kwetu gazeti likichelewa sana ni la juzi. Kwa hiyo tuliona kaka yangu yuko hai, na juzi amepigwa picha. Mjomba akasimamisha hitma papo hapo. Alisema hawezi kumsalia mtu aliyevaa kofia ya kazi.

Nilimfuata wifi uani. Alikuwa anasugua sufuria lililokwisha kutakata.

"Wifi, wewe unaonaje?" nikamwuliza. "Ndiye?"

"Kila nikimtazama huyo namsahau zaidi yule ninayemjua," akasema. Akaendelea kusugua. "Nakuomba kitu kimoja, wifi. Wewe uko mjini, umesoma. Nitafutie mtu wa kuusoma. Akisema ndiye, nitamsubiri hata nizeeke. Akisema siye, nijue. Ila usikawie. Ngojangoja huumiza matumbo."

"Wiki hii hii," nikamwambia.

Mama hakutaka kuuachia ukurasa. Aliutoa baada ya kuniapisha kwamba sitaukunja. Niliuweka ndani ya daftari la maandalio ya masomo nikarudi Masasi.

Jumatatu nilimwonyesha mwalimu mwenzangu anayefundisha kompyuta. Akaupiga picha kwa simu yake, ile yenye kutafsiri. Mafuta ya vidole vya mama yalikuwa yameshaingia kwenye maandishi, na simu ikatuambia: "Chuma cha furaha. Wageni watano mlango usalama." Tukacheka. Akasema, "Si uende kambi ya wajenzi wa barabara? Wale ndio lugha yao hiyo." Nikasema kweli, ndiyo, nitakwenda. Jioni nikauweka kwenye droo ya meza yangu nyumbani, juu ya vyeti, usikunjike.

Ukakaa mle wiki saba.

Nimejaribu mara nyingi kuzieleza wiki zile. Ilikuwa kipindi cha mitihani ya mwisho wa mwaka, nina madarasa manne, na watoto wa siku hizi wakikosa jibu wanaandika zaidi. Kulikuwa na kusimamia, kulikuwa na vikao vya kupanga vikao. Jumamosi moja nilishavaa na viatu, mvua ikanyesha, nikavua, nikafurahi. Ningependa kusema niliogopa, maana mwoga husamehewa. Nikikumbuka vizuri sikuogopa. Nilifungua droo kutafuta kalamu nyekundu, nikauona ukurasa, nikachukua kalamu, nikafunga droo. Hivyo tu. Hakuna kilichoshtuka ndani yangu. Mama akinipigia nilimwambia nafuatilia. Neno zuri hilo, kufuatilia. Ukilisema mtu hawezi kukudai zaidi. Wifi hakunipigia hata siku moja, na mimi nikachukulia kwamba hana haraka.

Shule ikafungwa. Jumanne moja asubuhi niliamka sina la kusahihisha, nguo zimefuliwa, chumba kimefagiliwa, na nikaona sina tena kitu cha kufanya ila hicho. Nikaita bodaboda.

Kwenye geti la kambi ya wajenzi mlinzi aliniingiza bila maswali, kwa kuwa nilimfundisha mdogo wake, akaenda kumwita mpimaji wao wa barabara. Alikuwa mtu wa makamo, mgeni aliyekaa nchini miaka mingi, na Kiswahili chake alikiokota kwa vibarua. Alinisalimu, "Shikamoo, mama," naye ananizidi miaka mingi. Nikaitika marahaba nisimchanganye. Alifuta mikono, akavaa miwani, akausoma ukurasa taratibu, mdomo ukitembea.

"Hawa watu ya bandari," akasema. "Afrika, lakini mbali. Upande ule." Akaonyesha magharibi, juu ya mapipa ya lami. "Mwaka mzima hakuna ajali. Bosi anafurahi, anapa wao tochi."

"Tochi?"

"Tochi kubwa."

Nikamwuliza kama majina yao yameandikwa. Hayakuandikwa. Akaugeuza ukurasa. Nyuma kulikuwa na tangazo la majiko. Nyumbani watu zaidi ya thelathini waliutazama ukurasa ule, na hakuna aliyeugeuza. Akaweka kidole chini kabisa, kwenye mstari mdogo ulioandikwa kwa vijumba hivyohivyo, siku ya mwisho ya kuuza majiko. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akaongeza mwingine, akarudia.

"Hii gazeti zamani, mama. Miaka kumi na moja. Kwa nini wewe nasoma gazeti ya zamani?"

Miaka kumi na mmoja nyuma kaka alikuwa Newala. Ndio mwaka alioezeka jiko la mama kwa bati, akateleza, akachechemea mwezi mzima akitudai supu ya kuku. Nilimshukuru yule mpimaji. Akanipa chupa ya maji kwa ajili ya njia, akauliza kama kuna mtu anaumwa. Nikasema hakuna.

Kesho yake nikapanda kwenda Newala.

Mama alikuwa kwenye mkeka barazani anapepeta mchele wa vitumbua. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza moja kwa moja, kama mtu anayesoma matokeo ubaoni. Kambi ya barabara, bandari, tochi, majiko, miaka kumi na mmoja. Sijui namna nyingine ya kusema mambo. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani. Halafu akauliza swali moja.

"Huyo mwenye tochi, mama yake yupo?"

"Bila shaka yupo."

"Haya. Mwambie mjomba wako aite watu." Akaendelea kupepeta, na makapi yakaruka mpaka kwenye sketi yangu.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi. Amesikia yote. Nyuma yake chumba chake kilikuwa kimekandikwa upya na kupakwa udongo mweupe, na kitanda kikubwa kimesogezwa dirishani. Niliona mambo hayo bila kuyaunganisha. Nilikuwa nangoja uso wake ufunguke. Maneno nilishayaandaa tangu kwenye gari: sasa uko huru, wifi.

Akaweka ndoo chini, akaja akakaa mbele yangu.

"Yule wa Songea," nikamwambia kwa sauti ndogo, "mjomba anaweza kumpelekea habari leo hii."

"Alishaondoka."

"Ameondoka lini?"

"Wiki ya pili sasa. Alikuja kwa mjomba kuaga, akauliza tena kama kuna jibu. Mjomba akasema bado. Nilikuwa ndani mle kwa mjomba, nikatoka mwenyewe. Nikamwambia asinisubiri, mume wangu yuko hai, yuko kazini, mwanangu ana baba." Alikuwa anaongea taratibu, anachuna uzi kwenye ukingo wa mkeka. "Akasema Mungu amrejeshe salama. Nasikia kwao wameshamtafutia mtu."

Mama aliacha kupepeta.

"Mbona hukungoja?" nikamwuliza. Ndiyo, mimi nilimwuliza hivyo.

"Nilingoja, wifi. Wiki ya kwanza nilijua bado unatafuta. Ya pili pia. Ya tatu nikasema, wifi yangu angeambiwa siye, asingekaa na neno hilo, anajua nilivyo. Angekuja siku ileile. Ukizidi kunyamaza nami nikazidi kuamini. Nikakandika chumba." Akanyanyua macho. "Hiyo kambi iko wapi?"

"Iko kule Masasi. Si mbali na Lisekese."

"Kwa bodaboda?"

"Nusu saa."

"Na huyo msomaji ulimkuta siku hiyohiyo uliyokwenda?"

"Siku hiyohiyo."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningepata pa kushika. Alinitazama tu, akisubiri, na mimi nikatafuta ndani yangu kitu cha kumpa. Samahani ilikuwepo, naijua, si neno gumu. Nikafungua mdomo nikasema, "Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha."

"Najua, mwalimu," akasema.

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Akainuka, akachukua ndoo yake, akaenda jikoni.

Hitma ilisomwa Ijumaa. Mimi nilipangiwa vitunguu, na hata vitunguu havikunitoa chozi. Wifi alikaa eda yake miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kile cheupe, akatoka, na mpaka leo yuko kwa mama, anapasua naye magazeti asubuhi. Nikienda likizo ananipokea mzigo, ananitandikia, ananipikia samaki kwa sababu anajua nawapenda. Ananiita mwalimu, nami naitika.